Mashine Isikate Bila Kuvuta Vumbi Lake

Hotuba iliyosomwa na fundi mmoja wa tawi letu katika mkutano wa jioni wa mafundi mbao. Tunaichapa kwa kuwa wanachama wengi waliomba wapate kuisoma polepole. Maswali yaliyoulizwa yamewekwa mwishoni. – Mhariri.

Bwana Mwenyekiti, ndugu Katibu, na ninyi nyote mafundi wenzangu,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Katibu aliponiomba nije niseme juu ya vumbi, nilimjibu kwamba vumbi halihitaji kutambulishwa kwenu. Kila mmoja aliyeketi hapa amelileta kidogo ukumbini, katika nywele na katika mifuko ya suruali. (Kicheko.)

Lakini sikuja kuwaambia kwamba vumbi ni baya, maana hayo mwayajua. Nimekuja na jambo moja tu, nalo ni hili: mapafu ya mfanya kazi yasiachwe yalindwe na kumbukumbu yake. Mtu husahau. Mtu huharakishwa. Swichi huwa mbali. Basi yafaa tutengeneze mashine isiyoweza kusahau, yaani mashine ambayo haitakubali kukata hata kidogo ikiwa kivuta vumbi chake hakivuti.

Nitatumia mfano wa mashine ndogo ya CNC, kwa sababu ndiyo inayoingia sasa katika karakana zetu, na kwa sababu yenyewe yakubali kufundishwa.

Mashine yenyewe

Kwa wale ambao hawajaiona, ni meza yenye reli, na juu ya reli hizo imefungwa rauta, ile ile tunayoishika kwa mikono. Badala ya mikono yetu, mota ndogo ndizo zinazoisukuma mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, kwa kufuata amri zilizoandikwa na kompyuta. Mashine kubwa za namna hii zimekuwamo katika viwanda vya ng'ambo kwa miaka mingi. Hii ndogo ilikusudiwa watu wanaochonga mbao nyumbani kwa kujifurahisha. Mwaka 2009 mtu mmoja wa Norway, Simen Svale Skogsrud, aliandika programu iitwayo Grbl, akaitoa bure kwa watu wote. Programu hiyo huendesha mashine nzima kwa bodi moja ya umeme isiyozidi ukubwa wa kiganja. Tangu hapo bei ilishuka, na mashine ya kujifurahisha ikaja kuwa mashine ya kutafutia riziki.

Hapo ndipo penye taabu, ndugu zangu. Mtu wa ng'ambo huiwasha Jumamosi kwa saa mbili, kisha hufungua mlango na kwenda kunywa chai. Sisi twaiwasha saa 8 kwa siku, siku sita kwa juma, katika chumba cha mabati chenye dirisha moja. Nayo huja ikiwa na rauta na biti, lakini mara nyingi haiji na chombo chochote cha kuvuta vumbi. Hilo huachiwa mnunuzi, na mnunuzi hulisahau.

Vumbi gani, na lafanya nini

Maranda makubwa hayaui mtu. Huanguka chini, nawe waweza kuyafagia. Lile vumbi jembamba ndilo adui. Unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70. Vumbi la chini ya maikroni 10 hulioni likiwa moja moja, nalo laelea hewani kwa muda mrefu baada ya mashine kunyamaza, kisha laingia ndani ya mapafu. Ukikata bodi ya MDF, kazi nzima yatoka kama unga wa ngano, tena unga huo una gundi yenye fomaldihaidi. Ukikata mvule, mti wetu mzuri wa milango, vumbi lake huwasha ngozi na macho, na wengine huwaletea pumu.

Nitawapa habari moja ya kweli kutoka Uingereza. Kuna mji uitwao High Wycombe ambao kwa miaka mingi watu wake waliishi kwa kutengeneza viti. Katika miaka ya 1960 daktari mmoja wa masikio, pua na koo katika mji huo, Bibi Esme Hadfield, aliona kwamba mafundi wa viti walikuwa wakimjia na saratani ya ndani ya pua, ugonjwa ambao watu wa kawaida hawaupati ila kwa nadra sana. Yeye na wenzake, miongoni mwao Daktari Donald Acheson, walihesabu wagonjwa, wakauliza kila mmoja amefanya kazi gani, na mwaka 1968 wakaandika matokeo yao katika jarida la madaktari wa Uingereza. Baadaye ugonjwa huo ulitiwa katika orodha ya magonjwa ya kazi nchini humo. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilichapa uamuzi wake kwamba vumbi la mbao liko katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo hapana shaka huleta saratani kwa binadamu.

Angalieni jambo hili: wale mafundi hawakuanguka kazini. Walirudi nyumbani wazima kila jioni kwa miaka ishirini, thelathini. Vumbi halipigi kelele kama msumeno ukatao kidole. Ndiyo sababu ni rahisi mtu kusema, "Leo kazi ni ndogo, nitakiwasha kesho."

Huko Uingereza tangu mwaka 2020 sheria yasema kwamba katika mita moja ya ujazo ya hewa, vumbi la mbao ngumu lisizidi miligramu 3, kwa wastani wa saa 8. Hiyo ni kidogo kuliko chumvi inayonata kwenye kidole kilicholowa. Rauta moja ikikata MDF bila kuvutwa vumbi hulipita kiasi hicho bila shida yoyote.

Kosa langu mwenyewe

Sasa nitaungama. Katika karakana moja niliyofanya kazi kulikuwa na kivuta vumbi kizuri. Swichi yake ilikuwa ukutani, nyuma ya rundo la mbao za saipresi. Kuifikia ilinibidi nizunguke meza mbili. Tena nyapara alikuwa akisema stima ni ghali, na kivuta vumbi kisiachwe kikinguruma bure. Basi kwa kazi ndefu nilikiwasha, na kwa kazi fupi sikukiwasha. Ndugu zangu, kazi fupi kumi zafanya kazi ndefu moja. Siku ikiisha, nusu ya vumbi lote lilikuwa limetoka wakati kivuta vumbi kimelala.

Kijana aliyekuwa akishika mashine ya pili karibu yangu alianza kukohoa usiku. Alibadilisha dawa mara tatu. Mwisho aliacha ufundi, akarudi kwao kulima. Siwezi kuapa kwamba ni vumbi, mimi si daktari. Lakini najua ni mara ngapi nilipita mbele ya rundo lile la mbao nikasema, "Haidhuru." Tangu siku alipofunga mzigo wake, neno hilo sitaki kulisikia karibu na mashine.

Tulipoketi kulifikiri jambo hili, tuliona kwamba hapakuwa na mtu mbaya. Nyapara alitaka kuokoa stima. Mimi nilitaka kuokoa wakati. Ubaya ulikuwa katika mpango wenyewe, maana usalama ulitegemea mtu kukumbuka, kutembea, na kubishana. Mpango wa namna hiyo utashindwa siku zote.

Hatua ya kwanza: kivutwe palepale

Kabla ya stima, tuanze na upepo. Vumbi livutwe palepale linapotoka, kabla halijaruka. Kwa mashine hii hufungwa kiatu, yaani kisanduku chenye brashi pembeni kinachoizunguka biti, na mpira wa kuvuta umeunganishwa juu yake. Brashi ziguse ubao wakati wa kukata. Kama ziko juu kwa upana wa vidole viwili, kiatu hicho ni pambo tu.

Kivuta vumbi kidogo cha nyumbani hufaa kwa mpira mwembamba. Ukitumia bomba la milimita 100, hewa iende kwa kasi ya kama mita 20 kwa sekunde ili maranda yasilale njiani. Hesabu yake ni karibu mita 560 za ujazo kwa saa, na kile cha nyumbani hakiwezi.

Kati ya mashine na kivuta vumbi weka saikloni, yaani pipa lenye koni ambamo hewa huzunguka kwa nguvu, maranda yakaanguka chini na hewa ikapita juu. Bila hiyo chujio huziba mapema, na chujio likiziba kivuta vumbi hunguruma vile vile lakini hakivuti. Kumbukeni maneno hayo, nitayarudia: kunguruma si kuvuta.

Hatua ya pili: mashine ikiwashe yenyewe

Programu ya Grbl huelewa amri fupi. M3 yasema rauta izunguke. M5 yasema isimame. M8 yasema maji ya kupoza yafunguliwe, na M9 yasema yafungwe. Sisi watu wa mbao hatupozi kwa maji, kwa hiyo amri ya M8 ipo bure. Twaichukua, twaipa kazi ya kuwasha kivuta vumbi.

Bodi ikipata M8, hutoa umeme mdogo wa volti 5. Umeme huo hauwezi kuendesha mota, lakini waweza kuamsha rilei. Rilei nayo huamsha kontakta, na kontakta ndiyo inayopeleka stima ya volti 240 kwa mota. Msiiruke kontakta. Wengi hununua rilei ndogo ya buluu iliyoandikwa ampea 10, wakasema mota ya wati 1,200 yahitaji ampea 5 tu, basi yatosha. Haitoshi. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokwisha kushika mwendo, na midomo ya rilei huungua na kushikana. Ikishikana, haiachi tena. Hebu fikirini rauta isiyokubali kuzimwa. Upande wote wa volti 240 ufanywe na fundi wa stima mwenye leseni, ndani ya sanduku lililofungwa.

Amri zifuatane hivi. Kwanza M8, kivuta vumbi kianze. Pili G4 P5, maana yake ngoja sekunde 5, hewa ipate mwendo. Tatu M3, rauta izunguke. Ndipo kukata kuanze. Mwishoni M5, kisha M9. Jihadharini hapa: katika Grbl ile P huhesabu sekunde, lakini bodi nyingine huhesabu milisekunde, na hapo P5 ni kufumba na kufumbua. Jaribu kwanza bila biti.

Wala usiziandike amri hizi kwa mkono katika kila kazi, maana hapo tumerudi kwenye kumbukumbu ya mtu. Programu ya kompyuta inayogeuza mchoro kuwa amri ina mahali pa kuweka maneno ya mwanzo na ya mwisho. Ziandike humo mara moja, na kila kazi itakayotoka itakuwa nazo.

Kisha weka taima ya kuchelewesha kuzima, sekunde 15 hata 30. Rauta ikisimama, kivuta vumbi kiendelee kidogo ili kisafishe mpira. Taima hiyo ina faida ya pili: kazi zikifuatana upesi, mota haisumbuliwi kwa kuwashwa na kuzimwa kila mara.

Hatua hii ndiyo itakayompendeza mwenye karakana. Chukueni kivuta vumbi cha kilowati 1.5. Kikiachwa saa 8 hula yuniti 12. Kama mashine hukata kwa saa 3 tu kati ya hizo 8, na muda mwingine twapima na kufunga mbao, basi chenyewe kitakula yuniti 4.5 na ziada kidogo. Kwa siku 26 za kazi mtaokoa karibu yuniti 195. Nyapara aliyekuwa akipiga kelele juu ya stima atakuwa wa kwanza kukusaidia kushika bisibisi. (Makofi.)

Hatua ya tatu: mashine ikatae

Wengi huishia hapo, wakadhani wamemaliza. Hawajamaliza. Mashine imekiwasha kivuta vumbi, lakini haijui kama kinavuta. Pipa likijaa, chujio likiziba, fyuzi ikikatika, yenyewe itaendelea kukata kwa uaminifu mkubwa, na chumba kitajaa.

Kwa hiyo twahitaji kitu cha kuihisi hewa. Sisi kwanza tulifikiri kupima nguvu ya mvuto ndani ya bomba. Tulikosea. Mpira ukiziba karibu na kiatu, mvuto ndani ya bomba huongezeka na wala haupungui, na kipimo husema mambo ni mazuri kumbe hakuna hewa inayopita. Kinachotakiwa kuhisiwa ni mwendo wa hewa. Basi tulitundika kibao chepesi mahali hewa safi inapotokea baada ya chujio. Hewa ikitoka, kibao hunyanyuka. Hewa ikipungua, kibao huanguka na kubonyeza swichi ndogo. Tulikiweka upande wa hewa safi ili maranda yasikikwamishe.

Swichi hiyo imwambie nani? Ukiifanya ikate stima ya rauta peke yake, reli zitaendelea kusukuma biti iliyosimama ndani ya mbao, na itavunjika. Ukiifanya isimamishe reli peke yake, rauta itabaki ikizunguka mahali pamoja, ikisugua mbao mpaka ziungue, na kaa la moto litavutwa ndani ya pipa la vumbi. Yote mawili ni mabaya. Grbl ina mlango mmoja wa kupokea habari uitwao mlango wa usalama. Ukipata habari, husimamisha mwendo na kuzima rauta pamoja. Lazima uruhusiwe kabla programu haijapakiwa ndani ya bodi, kwa sababu kwa kawaida haukuwashwa.

Kuna fundo moja. Asubuhi kabla ya kazi hakuna hewa, kibao kiko chini, na mashine itakataa hata kuanza. Dawa yake ni kupitisha waya ule wa habari katika swichi mbili zinazofuatana: ya kibao, na nyingine iliyo kwenye kontakta ya rauta. Hivyo habari haifiki mpaka mambo mawili yawe pamoja, yaani rauta inazunguka na hewa haipo. Hilo ndilo jambo hasa tunalolikataa, wala hatulikatai jingine. Waya huo uwekwe mbali na nyaya za mota, la sivyo mashine itasimama ovyo kwa kelele za umeme, na watu watachoka wakaufunga kwa gundi.

Yasiyofanywa na mashine

Nisiwadanganye, ndugu zangu. Mpira ukichomoka kwenye kiatu, hewa itaendelea kupita vizuri sana na kibao hakitaanguka. Waya wa habari ukikatika, mashine haitajua. Kwa hiyo kila asubuhi tazama mpira kwa macho, na kila Jumatatu fanyeni jaribio: ziba mdomo wa mpira kwa ubao, anza kazi bila biti, uone kama mashine inakataa. Isipokataa, siku hiyo haikati. Jaribio liandikwe katika daftari, tarehe na jina la aliyejaribu.

Tena rauta sasa yawashwa na kompyuta. Swichi yake ya mkononi iko wazi muda wote. Kabla ya kubadilisha biti, chomoa plagi. Usiitegemee kompyuta hata mara moja. Na ile swichi nyekundu ya dharura ikate stima ya rauta moja kwa moja, bila kupitia bodi.

Mwisho ni moto. Vumbi kavu likichanganyika na hewa hulipuka. Mwaka 2015 katika kijiji cha Bosley, Uingereza, kinu cha kusaga unga wa mbao kililipuka na wafanya kazi wanne wakafa. Karakana yetu si kinu, lakini kaa moja ndani ya pipa lililojaa latosha kuchoma vibanda vya jirani. Pipa limwagwe kila jioni, wala lisilale na vumbi ndani. Mabomba ya plastiki yapitishiwe waya wa shaba uliofungwa ardhini, ili umeme wa msuguano usikusanyike.

Sheria yasemaje

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi achukue kila hatua inayowezekana kuwakinga watu wasivute vumbi, na inapowezekana vyombo vya kuvuta viwekwe karibu kabisa na pale vumbi linapotoka. Kile kiatu chenye brashi, basi, si anasa. Mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, yampasa kumwarifu msimamizi, naye asirudishwe mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Na mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika juu ya usalama.

Lakini sheria iliyo kabatini haivuti vumbi. Ninapendekeza kwa tawi hili mambo matatu, yaingizwe katika mazungumzo yetu na waajiri. Kwanza, mashine yoyote mpya ya CNC isianze kazi mpaka ifungwe kivuta vumbi kinachojiwasha na swichi ya kukataa. Pili, daftari la Jumatatu lionwe na mjumbe wa wafanya kazi. Tatu, mtu yeyote asiifunge wala kuipita swichi ile, awe nyapara au awe fundi. Nasema awe fundi, kwa kuwa namjua fundi mmoja ambaye angeipita, naye amesimama mbele yenu. (Kicheko.)

Asanteni sana. (Makofi.)

Maswali

Swali: Mimi ndiye ninayefagia karakana yetu. Mashine ikivuta vumbi lake, mimi nitakwenda wapi?

Jibu: Ndugu, umeuliza la maana kuliko yote. Pipa halijimwagi, chujio halijisafishi, kibao hakijijaribu. Kazi hiyo ni ya mtu, na yahitaji mafunzo kuliko ufagio. Lakini neno langu halitoshi. Yafaa iandikwe katika mapatano kabla waya wa kwanza haujafungwa kwamba wewe ndiwe utakayefundishwa, na kwamba mshahara wako hautashuka. Katibu ameandika.

Swali: Tukivaa barakoa, je, hatuwezi kuacha gharama hizi zote?

Jibu: Barakoa ni ya mwisho. Humkinga aliyeivaa tu, tena ikiwa yamshika vizuri usoni, na kwenye joto la mabati haikai. Mama anayeuza chai mlangoni hana barakoa. Ivae unapomwaga pipa na unaposafisha chujio, hata kama kivuta vumbi ni kizuri. Na usipulize vumbi kwa kompresa, maana unalirudisha hewani.

Swali: Sisi hatuna CNC, tuna msumeno wa meza tu.

Jibu: Kuna swichi inayohisi umeme unaopita katika waya wa msumeno. Msumeno ukiwashwa, yenyewe hukiwasha kivuta vumbi, na ukizimwa hungoja kidogo kabla ya kukizima. Haitaukataza msumeno kukata kama hewa haipo, lakini yaondoa kusahau. Mkishaifunga, mjumbe wenu aje hapa atueleze.

Mwenyekiti alimshukuru msemaji. Mapendekezo matatu yalipokewa kwa kura ya mikono, nayo yatapelekwa mbele ya halmashauri ya tawi. Wanachama walio na mashine za CNC katika karakana zao wanaombwa wampe Katibu habari, waseme kama kuna kivuta vumbi, na swichi yake iko wapi.